Bawa kwenye Buti, Upepo Chini ya Gari

Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997, Subaru Impreza yake ya buluu ilikuwa na bawa juu ya buti. Mwaka mmoja kabla, Kenneth Eriksson alikuwa amemaliza wa pili katika mbio hizohizo kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa Impreza. Vijana wengi wa Nairobi, Nakuru, Arusha na Moshi walikua wakiliona bawa lile magazetini na kwenye televisheni, kisha wakaliona barabarani, Impreza zilizotumika zilipoanza kushushwa bandarini kutoka Japani. Leo bawa limehama. Liko kwenye Altezza, kwenye Mark X, kwenye Vitz, hata kwenye Fielder ya teksi. Nalo halikuja peke yake: kuna lipu ya mbele, saidi sketi, difyuza ya plastiki chini ya bampa la nyuma, na vijipembe vidogo vilivyopangwa mstari mwishoni mwa paa.

Zitazame tena picha za Impreza zile za Safari. Zilikuwa zimeinuliwa juu kuliko Impreza za mbio za Ulaya. Mbele zilifungwa ngao ya mabomba, kwa sababu kwenye Safari ya enzi hizo ungeweza kukutana na ng'ombe au pundamilia katikati ya njia. Pembeni ya kioo cha mbele lilipanda bomba la kuvutia hewa, ili injini isinyonye maji ya mtoni wala vumbi laini la Bonde la Ufa. Waliozijenga walianza na barabara, ndipo wakaja kwenye upepo. Sisi tumechukua bawa, mengine yote tukayaacha, kisha tukalishusha gari.

Simlaumu kijana anayelipenda gari lake. Anaweka akiba kwa miezi, Jumamosi anakwenda Gerezani jijini Dar es Salaam au Mtaa wa Kirinyaga jijini Nairobi, anarudi na bodikiti, yaani seti ya vipande vile vya kuongeza, iliyofungwa kwenye nailoni. Ana haki ya kujua pesa yake imenunua nini. Kama ni urembo, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu uko kwa muuzaji anayemwambia kwamba sasa gari litatulia barabarani, naye akaamini, akaingia kona za Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu kwa mwendo ambao jana asingethubutu kwenda nao.

Hewa ina uzito. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Mombasa au Dar es Salaam ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1, na gari linalokwenda halina budi kuisukuma kando muda wote. (Nairobi, iliyo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, kwa hiyo nguvu zote nitakazozitaja hapa hupungua huko kwa kiasi hicho.) Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Ukiuongeza mara nne, inakuwa mara 16. Jambo hilo moja ndilo linaloamua karibu kila kitu kuhusu spoila.

Tuchukue saluni ya kawaida yenye uzito wa kilo 1,300 na tupige hesabu kwa fomula ileile wanayoitumia wahandisi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hewa inalikinza gari hilo kwa nguvu ya kama kilo 8. Kwa 100 zinakuwa kilo 32. Kwa 200 zinafika 126. Wakati huohuo hewa inayopita juu ya paa hukimbia kuliko ile ya chini, na hilo huliinua gari kidogo: kwa kilomita 100, saluni ya namna hii huinuliwa kwa kama kilo 15, yaani asilimia 1 tu ya uzito wake na ushei. Dereva hawezi kuzihisi. Kwa kilomita 200 zinakaribia 60, na hapo dereva huanza kuona usukani umekuwa mwepesi na mkia haujatulia.

Sasa tulifunge bawa. Tuseme lina urefu wa sentimita 130 na upana wa sentimita 20, na tulihurumie kwa kulipa ufanisi mzuri kuliko ambao mengi ya mtaani yanao. Kwa kilomita 50 kwa saa linagandamiza mkia kwa kilo 3. Kwa 80, ambao ndio ukomo wa mabasi yetu ya mikoani, ni kilo 8, hazifiki uzito wa ndoo ya maji ya lita 10. Kwa 100 ni kilo 12. Bawa lenyewe na miguu yake linaweza kuwa na kilo 5 au zaidi, kwa hiyo mjini, ambako sheria inataka tusizidi 50, mmiliki amebeba uzito mkubwa kuliko nguvu anayoipata.

Kilo za upepo zina sifa moja ambayo mzigo hauna, na ni vizuri isemwe. Abiria wawili wakikaa kiti cha nyuma wanagandamiza tairi, lakini pia wanaongeza uzito ambao tairi hizohizo lazima ziuzuie usitoke nje ya kona. Upepo hugandamiza bila kuongeza uzito wa kuzuiwa. Ndiyo maana watu wa mbio wanautafuta kwa gharama yoyote, na ndiyo maana gari la Formula One likiwa kasini hugandamizwa na hewa kwa nguvu inayozidi uzito wake lenyewe. Ila kilo 12 kwenye gari la kilo 1,300 ni chini ya asilimia 1. Tairi mpya badala ya kipara, siku ya mvua, huleta tofauti ambayo bawa hilo halitaifikia kamwe kwenye barabara ya kisheria.

Kama unataka kuona bawa linalofanya kazi kweli kwenye gari lenye namba za barabarani, litazame Porsche 911 GT3 RS iliyotoka mwaka 2022. Kiwanda kinasema linagandamizwa kwa kilo 409 likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, na kilo 860 kwenye 285. Hizo ni nguvu za kutisha. Lakini zigawe. Kutoka 200 kushuka hadi 50 mwendo umepungua mara nne, kwa hiyo nguvu imepungua mara 16, na gari ghali lililochorwa na watu walioshinda Le Mans linabaki na kama kilo 26. Kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, lingekuwa sawa na gari jingine lolote.

Angalia pia kilichotolewa kafara ili kilo zile zipatikane. Buti la mbele la mizigo limeondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na rejeta kubwa iliyolazwa kwa mshazari, ili pande zote mbili za pua ziachiwe kazi ya upepo. Ukinzani wa hewa umepanda pia. Kipimo ambacho kwenye 911 ya kawaida ni karibu 0.30, kwenye hii ni 0.39. Mgandamizo hauji bure. Kila kilo unayoisukuma chini unailipia kwa kukinzwa mbele, na injini hulipa kwa mafuta.

Sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote ni namna bawa linavyofungwa. Nenda kwa fundi bodi umwangalie akifanya. Anafungua buti, anapima kwa jicho, anatoboa mashimo manne kwa drili, anapaka silikoni, anapitisha bolti na kukaza nati kutoka ndani. Bati la kifuniko cha buti halifiki unene wa milimita 1. Fundi makini ataweka kipande cha chuma upande wa ndani ili nguvu isambae; asiye makini ataweka washa tu. Baada ya miezi michache, ukishika ncha ya bawa na kulitikisa, unaona bati linapumua kuzunguka bolti. Rangi inapasuka hapo, maji yanaingia, kutu inaanza, na spea tairi inakaa ndani ya dimbwi. Zile shoki ndogo zinazoinua buti zilipigiwa hesabu ya kifuniko kitupu. Ukishaongeza uzito, kifuniko kinaweza kushuka chenyewe juu ya kichwa cha mtu anayetoa mizigo.

Mashindano yenyewe yalilijifunza hili kwa ajali. Mwaka 1968 magari ya Formula One yalianza kubeba mabawa marefu juu ya miguu myembamba. Mei 1969, kwenye mbio za Hispania katika mzunguko wa Montjuïc jijini Barcelona, bawa la Lotus ya Graham Hill lilivunjika gari lilipokuwa likivuka kilele cha mwinuko, naye akaparamia kizuizi. Muda mfupi baadaye bawa la mwenzake wa timu, Jochen Rindt, likavunjika mahali palepale, na gari lake likaligonga gari la Hill lililokuwa limeharibika. Hill alitoka mzima, Rindt aliumia. Wiki chache baadaye, huko Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku. Wale walikuwa wahandisi bora wa zama zao. Nguvu ya upepo ikishatengenezwa lazima ipitie kwenye kitu kigumu hadi ifike kwenye tairi, na kifuniko cha buti cha bati hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Kuna suala la tairi zipi zinagandamizwa. Impreza ya mbio ilizungusha magurudumu yote manne. Altezza na Mark X nyingi huvuta kwa nyuma. Lakini Vitz, Passo, IST, Allion na Fielder tulizonazo, nyingi huvuta kwa mbele, na tairi za mbele ndizo zinazovuta, zinazokata kona na zinazobeba sehemu kubwa ya breki. Bawa limekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Likigandamizwa, huitumia ekseli hiyo kama egemeo na kuipunguzia pua uzito. Kwa mwendo wetu ni kilo chache mno, na gari halitapinduka kwa ajili yake. Ila hata hizo chache zinakwenda upande ambao hukuutaka.

Nisieleweke kwamba kipande kidogo cha mkiani ni upuuzi siku zote. Audi TT ilipotoka mwaka 1998, mkia wake wa duara ulisifiwa kama kazi ya sanaa. Kisha zikatokea ajali kwenye barabara kuu za Ujerumani, madereva wakipoteza gari kwa mwendo mkubwa sana, baadhi yao wakafa. Audi iliyarudisha magari gereji na kuyafungia spoila ndogo kwenye ukingo wa buti, ikarekebisha sehemu za chini, ikaongeza mfumo wa elektroniki wa kulizuia gari lisiserereke. Spoila ile haikuwa ndefu, haikuwa na miguu, na wengi walioipenda TT ya mwanzo waliiona inaharibu sura. Lakini ilikaa hasa pale ambapo hewa ilikuwa ikijikunja kuufuata mkia na kuunyanyua, na ilipatikana kwa vipimo. Kumbuka pia kwamba haikupewa kazi hiyo peke yake.

Vile vijipembe vya mwishoni mwa paa vina hadithi ninayoipenda. Wahandisi wa Mitsubishi waliokuwa wakiishughulikia Lancer Evolution walichapisha matokeo yao mwaka 2004. Hewa inayoteleza juu ya paa ina tabaka la chini lililochoka kwa kusuguana na bati, na likifika mwanzo wa kioo cha nyuma, mahali gari linapoinama, tabaka hilo hushindwa kuufuata mteremko na hujitenga. Vijipembe huchochea vimbunga vidogo vinavyoshusha hewa yenye nguvu kutoka juu na kuirudisha kwenye kioo. Ili vifanye kazi walipima kwanza unene wa tabaka lile, kama milimita 30, ndipo wakachagua kimo cha vijipembe, umbo lake na mahali pa kuvibandika. Faida waliyoipata: kipimo cha ukinzani kilipungua kwa 0.006, na cha kuinuliwa kwa 0.006. Walifurahi, na walistahili, kwa sababu katika fani yao hata hicho ni kitu. Basi mtu anayenunua pakiti ya vijipembe vya kubandika, vya kimo kimoja kwa magari yote, na kuvipanga kwa kufuata urembo, ajue anachokitafuta ni sehemu sita tu za elfu, na huenda asizipate.

Yeyote anaweza kuiona hewa kwa macho yake bila maabara. Kata uzi wa sufu wa rangi kali vipande vya urefu wa kidole, bandika ncha moja ya kila kipande kwa selotepu kwenye kioo cha nyuma, juu ya buti na chini ya bawa, halafu mwenzako aendeshe kwenye barabara nyeupe huku wewe, ukiwa abiria kwenye gari jingine, unachukua video. Hewa ikiwa imeshikamana na gari, nyuzi hulala zikielekea nyuma. Ikiwa imejitenga, nyuzi hucheza ovyo, na nyingine hugeuka kuelekea mbele. Kwenye saluni nyingi zenye kioo cha nyuma kilichosimama utakuta bawa lililofungwa chini limezama katika hewa hiyo iliyovurugika. Halina upepo safi wa kulifanyia kazi. Ndiyo sababu mabawa ya mbio hupandishwa juu.

Gari fupi zisizo na buti, kama Vitz na Fit, ni habari nyingine. Spoila ya kiwandani iliyo juu ya mlango wa nyuma hurefusha paa kidogo na kuikata hewa mahali pamoja badala ya kuiacha ishuke ikizunguka. Hupunguza ukinzani na husaidia vumbi lisijae kwenye kioo. Hiyo usiiondoe.

Mbele ya gari ndiko hasara inakokuwa ya haraka. Lipu iliyoshuka hadi sentimita chache kutoka ardhini ni kitu cha maana kwenye lami ya mbio, kwa sababu hupunguza hewa inayoingia chini. Kwetu kuna matuta, mengine yamejengwa na wananchi wenyewe kwa saruji baada ya mtoto kugongwa. Lipu ya faiba ikigonga tuta hupasuka, na ikiwa imefungwa kwa skrubu kwenye bampa huondoka na bampa lake. Bampa za bodikiti nyingi zina matundu makubwa ya kuvutia ambayo nyuma yake yamezibwa, na nyingine hubana njia ya hewa ya rejeta. Kwenye foleni ya saa nane mchana sindano ya joto huanza kupanda. Baya zaidi ni fundi anapolitoa lile sponji gumu lililo nyuma ya bampa la asili ili bampa jipya likae. Sponji lile huyeyusha nguvu ya mgongano, na ni sehemu ya kinachomkinga mtu aliyegongwa miguu.

Nawaza hasa juu ya mwenda kwa miguu na wa bodaboda. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 26, ambayo viwanda vingi huifuata, inataka kitu chochote kinachotokeza nje ya gari kisiwe na ukingo mkali kuliko mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 2.5. Lipu ya faiba iliyokatwa kwa msumeno na kupigwa msasa juujuu haina mviringo huo. Iko kwenye kimo cha ugoko wa mtu mzima na goti la mtoto.

Kuhusu mafuta, tofauti ipo lakini si ya kuogopesha. Kama bawa litaongeza ukinzani kwa asilimia 5, safari ya mwendo wa kilomita 100 itakula mafuta zaidi kwa kama asilimia 3. Mjini hutaiona. Anayelalamikia mafuta aanze na keria la paani. Serikali ya Marekani inakadiria kwamba sanduku kubwa butu la mizigo juu ya paa hula kati ya asilimia 10 na 25 ya ufanisi wa mafuta kwa mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa.

Upepo muhimu kuliko wote kwa gari la kawaida uko mahali ambapo hakuna anayepiga picha. Lala chini ya gari utazame. Injini, mkono wa ekzosi, tangi, ekseli, mabomba: kila kimoja kinashika hewa na kuivuruga. Kiwanda kinalijua hilo, ndiyo maana gari likitoka Japani huwa na kava jeusi la plastiki chini ya injini, na kama ni Prius utakuta makava mengine zaidi kuelekea nyuma. Kava hulainisha njia ya hewa na kupunguza ukinzani. Katika magari mengi ni sehemu ya njia ya hewa ya rejeta. Huzuia maji ya madimbwi yasirukie mkanda na altaneta, na mawe yasipige sampu ya oili.

Na hilo ndilo kava tunalolitupa. Gari linapelekwa kubadilishwa oili, fundi anafungua klipu, mbili zinakatika, kava linawekwa pembeni ya ukuta, jioni linabaki hapo. Au limening'inia baada ya tuta, mwenye gari anachoshwa na kelele, analing'oa kwa mkono barabarani. Nimeona magari yenye bawa la bei kubwa juu ya buti na injini iliyo wazi kabisa chini. Mmiliki amelipia kipande ambacho kwa mwendo wake hakifanyi kazi, na amepoteza kile ambacho kilikuwa kikifanya kazi kila siku tangu gari liundwe.

Klipu ni za plastiki na huzeeka kwa joto la injini, kwa hiyo lazima zikatike. Maduka ya vipuri huziuza kwa pakiti, kwa bei ndogo mno ukilinganisha na bodikiti. Chukua moja iliyokatika kama sampuli ili upate kipimo sahihi, nunua pakiti, iweke kwenye dashibodi, na siku ya oili mkabidhi fundi kabla hajaingia chini ya gari.